Mikono Iliyoachwa Huru: Mafunzo ya Ufundi Marekani Baada ya Vita vya 1861 Hadi 1865

Wazee wetu wa pwani waliijua nguo moja ya pamba, nzito kidogo, isiyotiwa rangi, waliyoiita merikani. Jina lake ladhihirisha asili yake. Tangu Sayyid Said alipofanya mkataba na Wamarekani katika mwaka 1833, merikebu za mji wa Salem zilikuwa zikija Unguja na majora ya nguo hiyo, na kurudi kwao na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Merikani ilifika mpaka Unyanyembe na Ujiji, ikawa kama fedha ya safari: kwayo watu walinunua chakula, na kwayo walilipa hongo. Basi katika mwaka 1861 na miaka iliyofuata nguo hiyo ikaadimika Unguja, na mahali pake pakashikwa na nguo za Uingereza na za Bara Hindi. Wafanya biashara walijua sababu. Wamarekani walikuwa wakipigana wao kwa wao.

Pamba ya nguo ile ililimwa na watumwa katika majimbo ya Kusini ya Marekani, ikafumwa katika viwanda vya Kaskazini, na huku kwetu ilinunua pembe, na mara nyingi ilinunua watu pia. Kwa hiyo habari za watumwa wale si habari za wageni kabisa. Tena kuna sababu ya pili ya kuziandika katika kitabu hiki cha Jubilei. Mashauri mengi juu ya kazi za mikono katika shule, yaliyoletwa Afrika ya Mashariki baada ya vita vya 1914, yalitoka kwa watoto wa watumwa hao na waalimu wao. Yaliletwa kwa sifa nyingi, walakini hayakuelezwa yote. Twaona ni haki waalimu na Wakristo wa mitaa wapate kujua sehemu zote mbili, ile iliyosemwa na ile iliyonyamaziwa.

Vita vile vilianza Aprili 1861, vikaisha Aprili 1865. Askari zaidi ya 600,000 walikufa kwa risasi na kwa maradhi. Sehemu kubwa za miji ya Richmond, Atlanta na Columbia ziliteketea. Reli ziling'olewa, zikatiwa motoni na kupindwa. Noti za serikali ya Kusini zikawa karatasi tupu. Na katika nchi hiyo iliyovunjika walikuwako watu kama 4,000,000 waliokuwa watumwa jana, na leo ni huru kwa sheria. Hawakuwa na ardhi wala fedha, na wengi hawakujua kusoma, kwa kuwa sheria za majimbo mengi ya Kusini zilikataza mtumwa kufundishwa herufi.

Lakini msomaji asidhani kwamba watu hao hawakujua kazi. Kosa hilo limefanywa na wengi walioandika habari zao. Katika mashamba makubwa ya Kusini watumwa ndio waliokuwa maseremala, wahunzi, waashi, wafumaji, washoni na wapishi. Nyumba zile nzuri zenye nguzo nyeupe, ambazo wasafiri huzipiga picha hata leo, nyingi zilijengwa kwa mikono yao. Mtumwa aliyekuwa fundi hodari bwana wake aliweza kumkodisha mjini, naye alifanya kazi toka Jumatatu hata Jumamosi, na ujira ukaenda mfukoni mwa bwana. Ufundi ulikuwapo. Haki ya fundi juu ya ufundi wake ndiyo iliyokosekana, na vita vilipokwisha mashindano yote yalikuwa juu ya jambo hilo.

Wenye nchi walilifahamu upesi sana. Katika mwaka 1865 jimbo la South Carolina lilitunga sheria kwamba mtu mweusi akitaka kufanya kazi yoyote isipokuwa kulima au kutumika nyumbani, sharti apate ruhusa ya hakimu na kulipa kila mwaka: dola 10 akiwa fundi, dola 100 akiwa mwenye duka. Sheria hiyo haikudumu, kwani jemadari wa jeshi la Kaskazini aliifuta mwanzo wa mwaka uliofuata. Lakini yaonyesha nia yao waziwazi. Katika mwaka 1865 huo huo, ardhi ambayo Jemadari Sherman aliamuru wagawiwe walioachwa huru, kwa kiasi cha eka 40 kwa kila jamaa, ilirudishwa kwa mabwana wa zamani kwa amri ya Rais Andrew Johnson. Hivyo wengi walirudi kulima shamba lile lile kwa kugawana mavuno na mwenyewe, wakiandikiwa deni dukani kila msimu, na deni halikwisha.

Mahali pa kwanza pa kujifunza palikuwa chini ya mti. Katika Mei 1861, vita vikiwa vichanga, watumwa watatu walitoroka usiku wakavuka maji kwa mashua mpaka ngome ya Monroe katika Virginia, iliyokuwa mikononi mwa jeshi la Kaskazini. Bwana wao akatuma mtu kuwadai. Jemadari Butler akajibu kwamba watu hao walitumiwa kujenga boma la adui, kwa hiyo ni mali ya vita iliyotekwa, naye hatawarudisha. Jibu hilo liliwahesabu watu kuwa vyombo, twakiri. Walakini lilifungua mlango, na kabla ya miezi mingi kupita maelfu wakaja kukaa karibu na ngome. Mwezi wa Septemba Bibi Mary Peake, mwanamke huru mwenye damu ya Kiafrika, akaanza kuwafundisha watoto wao herufi, na usiku watu wazima. Yasemekana alianza chini ya mwaloni ambao hata sasa unaonyeshwa hapo. Alikuwa mgonjwa wa kifua, akafa Februari 1862.

Karibu na mti huo, Aprili 1868, ikafunguliwa shule ya Hampton, waalimu 2 na wanafunzi 15. Chama cha misheni cha Marekani kilinunua ardhi, na mkuu wake alikuwa Jemadari Samuel Chapman Armstrong, kijana wa miaka 29 aliyewaongoza askari weusi vitani. Baba yake alikuwa mmisionari katika visiwa vya Hawaii, na huko mwana aliona shule ambazo watoto walisoma nusu ya kazi na nusu walilima na kuchonga mbao ili wapate chakula chao. Desturi hiyo akaileta Hampton. Vijana walifanya kazi shambani na katika karakana, wasichana walishona, walifua na kupika, na ujira wao ukaandikwa kitabuni kulipia chakula na malazi. (Na katika mwaka huo huo wa 1868 mapadre wa Roho Mtakatifu walihamia Bagamoyo kutoka Unguja, wakaanza kuwafundisha watoto waliokombolewa utumwani useremala, uhunzi na kilimo. Hampton na Bagamoyo hazikujuana, walakini jambo lililozisumbua ni moja.)

Armstrong alikuwa mtu mwema na mwenye bidii, naye aliwapenda wanafunzi wake. Hata hivyo aliamini kwamba mtu mweusi atahitaji vizazi vingi kabla ya kufaa kutawala, na aliwashauri wakae mbali na mambo ya serikali. Wanafunzi wengine walinung'unika kwamba walichoshwa shambani mchana kutwa, kisha wakapewa masomo usiku wakiwa na usingizi, wala ufundi wenyewe hawakuupata kwa ukamilifu. Watu waliochunguza kumbukumbu za shule hiyo katika miaka ya karibu wamethibitisha kwamba katika miaka yake ya kwanza Hampton ilitoa waalimu wengi na mafundi wachache. Kazi ya mikono ilikusudiwa zaidi kutia adabu kuliko kutia ustadi. Hilo ni jambo kubwa, nasi twaomba waalimu walishike, kwa sababu hapa kwetu pia shule nyingi ziliita mafunzo ya kazi kile kilichokuwa kulima bustani ya mkuu wa shule.

Katika wanafunzi wa Hampton alikuwako mmoja aliyeitwa Booker Washington. Alizaliwa mtumwa katika Virginia mwaka 1856. Baada ya vita alifanya kazi katika matanuu ya chumvi na machimbo ya makaa, na huko chini ya ardhi aliwasikia watu wawili wakiitaja shule ya Hampton. Katika mwaka 1872 akashika njia, sehemu kwa gari na sehemu kwa miguu. Alipofika Richmond akalala chini ya njia ya mbao kando ya barabara, na mchana akapakua chuma melini apate nauli. Alifika shuleni na senti 50. Mwalimu mkuu wa kike, Bibi Mackie, alipomwona mchafu na mwenye nguo mbovu, hakumwuliza neno la vitabuni. Alimwambia akafagie chumba. Akakifagia mara tatu, akafuta vumbi mara nne. Bibi akaja akapitisha leso yake juu ya mbao na meza, asione vumbi, akamkubali. Huo ndio uliokuwa mtihani wake. Twaona baadhi ya wasomaji wetu watacheka, na wengine watasikitika, nasi hatuwalaumu hao wala hao.

Habari za shule aliyoanza yeye mwenyewe zastahili kuelezwa kwa urefu. Katika mji mdogo wa Tuskegee, jimbo la Alabama, alikaa mtu aliyeitwa Lewis Adams. Alikuwa mtumwa zamani, na katika utumwa alijifunza kushona viatu, kufua bati na kutengeneza matandiko ya farasi. Hakusoma shule hata siku moja. Karibu na mwaka 1880 mzungu mmoja aliyetaka kuchaguliwa katika baraza la jimbo alimwendea akamwomba kura za watu weusi. Adams hakutaka fedha, alitaka shule. Kura zikatolewa, na katika mwaka 1881 baraza likaagiza zitolewe dola 2,000 kila mwaka kuwa mishahara ya waalimu. Basi shule ile yenye sifa duniani kote kwa kazi za mikono ilipatikana kwa akili ya fundi viatu na kwa nguvu ya kura, wakati watu weusi wa Alabama walipokuwa bado na kura. Wengi waliosifu Tuskegee baadaye walisahau kuisimulia sehemu hii.

Dola 2,000 zilikuwa za mishahara tu. Kwa ardhi na nyumba haikutolewa hata senti. Bwana Washington alifungua shule tarehe 4 Julai 1881 na wanafunzi 30, katika kibanda kibovu karibu na kanisa. Mvua iliponyesha mwanafunzi mmoja aliacha masomo akamshikia mwalimu mwavuli. Kisha akaazima dola 250 kwa mweka hazina wa Hampton, zilizokuwa fedha yake mwenyewe, akaweka mkono juu ya shamba lililochakaa, lenye eka 100 na bei ya dola 500. Nyumba ya bwana ilikwisha kuungua. Zilibaki jiko, zizi la farasi na banda la kuku. Wakasafisha banda la kuku, wakafundishia humo.

Alipowaambia wanafunzi waje kufyeka mwitu wapate mahali pa kupanda, hawakupenda. Wengi wao walikuwa wamekwisha kuwa waalimu vijijini, wakauliza mwalimu na shoka wapi na wapi. Akachukua shoka lake akatangulia mbele. Walipoona haoni haya, wakafuata. Bibi Olivia Davidson, mwalimu mwenzake na baadaye mkewe, alizunguka nyumba kwa nyumba, kwa weupe na weusi, akiomba mikate, kuku na maandazi ya kuuza ili deni lilipwe. Bwana Washington asimulia katika kitabu cha maisha yake, kilichotolewa mwaka 1901, jinsi bibi mmoja mzee wa miaka kama 70, mwenye nguo zilizoraruka lakini safi, alivyokuja akiegemea fimbo na kumletea mayai sita aliyoyaweka akiba, yatumike katika elimu ya vijana. Ardhi ilikwisha kulipwa kabla ya mwaka kupita.

Kisha ikaja habari ya matofali. Mjini hapakuwa na tanuu la matofali, na shule ilihitaji nyumba ya kukaa. Wakachimba udongo mahali pamoja na pengine, mpaka wakapata ufaao. Kazi ilikuwa ya kusimama shimoni, matope yakifika magotini, na vijana kadhaa wakaichukia hata wakaondoka shuleni. Wakafyatua matofali kama 25,000, wakayapanga, wakawasha moto. Tanuu halikuchoma sawasawa, kazi yote ikaharibika. La pili likaharibika vilevile. La tatu likaelekea kufanikiwa, na mwisho wa juma, usiku wa manane, likaanguka. Waalimu wakamshauri aache. Fedha zilikuwa zimekwisha kabisa. Bwana Washington akachukua saa yake akaenda mji wa Montgomery, akaiweka rehani kwa dola 15, akarudi, akakusanya vijana waliovunjika moyo, wakajenga tanuu la nne. Likachoma vema. Saa haikukombolewa tena, muda wa rehani ulipita. Naye asema hakuijutia.

Fundi ye yote aliyepata kuchoma matofali anajua kwamba neno hili si hadithi ya kutia moyo tu. Kuchoma tofali kwataka mtu ajue udongo, unyevu, upepo, wingi wa kuni, na jinsi ya kuachia moto nafasi ya kupita kati ya safu. Hayo hayasomwi katika kitabu kwa siku mbili. Matanuu matatu yaliyoharibika ndiyo yaliyokuwa darasa. Na matofali yalipokuwa mazuri, wazungu wa pande zile, hata wasioipenda shule, wakaja kuyanunua kwa sababu waliyahitaji. Kufikia mwaka 1900 vijana walikuwa wakifyatua matofali 1,200,000 kwa msimu mmoja, na katika majengo 40 ya shule yote yalijengwa na mikono ya wanafunzi isipokuwa manne. Ramani nyingi zilichorwa na Robert Taylor, mtu mweusi wa kwanza kumaliza masomo katika chuo kikuu cha ufundi cha Massachusetts, aliyekuja Tuskegee mwaka 1892. Katika mwaka 1896 akaja George Washington Carver, bingwa wa mimea, na katika mwaka 1906 shule ikatengeneza gari la kukokotwa na nyumbu, likapakiwa majembe ya kisasa, mbegu na vyombo vya kusukia maziwa, likaenda vijijini kuwafundisha wakulima penye mashamba yao wenyewe. Bwana Washington alipofariki Novemba 1915 shule ilikuwa na majengo zaidi ya 100, wanafunzi kama 1,500, waalimu kama 200, na kazi 38 zilizofundishwa.

Hayo ndiyo yaliyoletwa kwetu kwa sifa. Sasa twaeleza yaliyobaki.

Kwanza, wazazi. Walipeleka barua na kuja wenyewe kulalamika: watoto wao walitumwa kusoma vitabu, si kufanya kazi. Bwana Washington aliwaona hawajaelewa. Sisi twaona walielewa vizuri. Watu wao walikuwa wamekaa zaidi ya miaka 200 katika shule ya kazi isiyo na mshahara, na kitu walichokatazwa kwa sheria kilikuwa kitabu. Mtu aliyenyimwa jambo kwa viboko hupata fununu kwamba jambo hilo lina nguvu.

Pili, serikali. Majeshi ya Kaskazini yaliyowalinda watu weusi yaliondolewa katika mwaka 1877. Tarehe 18 Septemba 1895, huko Atlanta, Bwana Washington alihutubia mkutano mkubwa wa weupe na weusi, akawashauri watu wake wafanye kazi pale pale walipo, wapate mali na heshima kwanza, wasishindanie sasa kukaa pamoja na weupe. Weupe wakampigia makofi mengi. Mwaka uliofuata mahakama kuu ya Marekani iliamua kwamba kutenga watu kwa rangi katika magari ya reli si kuvunja sheria, na katika mwaka 1901 Alabama ikatunga katiba mpya iliyowanyima weusi karibu wote kura. Kura ile ile aliyoitumia Lewis Adams kupata shule ikawa haiko. Na mafundi waliotoka Tuskegee wakakuta vyama vingi vya mafundi weupe vimewafungia mlango. Tena kazi kadha wa kadha walizojifunza, kama kutengeneza magurudumu ya mbao na kufua viatu vya farasi, zilikuwa zikipungukiwa wateja, kwa kuwa mashine na magari ya moto yalikuwa yakija.

Aliyesema hayo kwa sauti kuu alikuwa Dokta W. E. B. Du Bois, mwalimu katika chuo kikuu cha Atlanta, aliyezaliwa Massachusetts mwaka 1868. Katika kitabu chake cha mwaka 1903 hakukataa kazi za mikono. Aliuliza fundi atailindaje nyumba yake na akiba yake ikiwa hana kura. Akauliza pia, waalimu wa hao mafundi watatoka wapi? Maana Tuskegee yenyewe isingaliweza kuendelea siku moja bila ya waalimu waliosoma katika vyuo vikuu. Maneno yao yalikuwa makali, na watu wakagawanyika pande mbili kwa muda wa miaka mingi.

Baada ya Bwana Washington kufa, barua zake zilipochunguzwa, likaonekana jambo ambalo Dokta Du Bois hakulijua lote. Mtu yule aliyewaambia watu wasishindanie siasa alikuwa akitoa fedha kwa siri kulipa mawakili waliopinga mahakamani katiba ile ya Alabama. Mbele ya watu alishika tofali, na gizani alishika sheria. Hatumhukumu kwa siri yake. Mtu mweusi wa Alabama wa siku zile aliyesema wazi aliweza kuuawa, na shule kuchomwa moto. Lakini wageni waliokuja Tuskegee kutazama waliona matofali tu, wakarudi makwao na nusu ya habari.

Sehemu nyingine ya kazi hiyo ilikwenda mbali kuliko Tuskegee yenyewe. Katika mwaka 1907 Bibi Anna Jeanes wa Philadelphia, wa dini ya Wakweka, alitoa dola 1,000,000 kwa shule ndogo za vijijini za watu weusi. Kwa fedha hizo katika mwaka 1908 mwalimu Virginia Randolph wa Virginia akawekwa kuzungukia shule za wilaya yake, kuwasaidia waalimu wenzake katika masomo, usafi, kushona na kupanda. Na kati ya 1912 na 1932 mfanya biashara Julius Rosenwald alisaidia kujengwa shule karibu 5,000 katika Kusini, kwa sharti kwamba watu wa mahali watoe sehemu yao. Wakatoa fedha, mbao, ardhi na siku zao za kazi, ingawa walikwisha kulipa kodi ya serikali ambayo iliwajengea watoto wa wengine.

Tufike kwetu. Tanganyika na nchi za jirani zilikuwa zimetoka katika vita vya 1914 hadi 1918, wapagazi wengi mno wakiwa wamekufa njiani, shule zimefungwa, waalimu wengine wamefungwa gerezani, na baadaye njaa na homa kuu ya mafua. Katika mwaka 1924 ikaja tume ya mfuko wa Phelps-Stokes kutoka Marekani kutazama elimu. Ikapita Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Mkuu wake alikuwa Thomas Jesse Jones, aliyefundisha Hampton zamani, na pamoja naye Dokta James Aggrey, mwana wa Gold Coast aliyekuwa mwalimu katika North Carolina. Waliomsikia Dokta Aggrey hawakumsahau. Mfano wake wa kinanda, kwamba wimbo mzuri wataka vipande vyeusi na vyeupe pamoja, ulirudiwa katika shule nyingi. Tume ikashauri elimu ifuate maisha ya kijiji: kilimo, afya, ufundi, nyumba. Katika mwaka 1925 serikali ya Uingereza ikatoa mashauri ya namna hiyo hiyo kwa makoloni yake.

Mashauri hayo yalikuwa na mema mengi. Walakini walowezi wa Kenya waliyapokea kwa furaha ambayo ingalipaswa kuwatia watu shaka. Wao walitaka seremala wa bei nafuu asiyesoma magazeti. Wazazi wa Kikuyu, kama wale wazazi wa Alabama, walitaka vitabu na Kiingereza, na tangu karibu na mwaka 1929 wengi wakajijengea shule zao wenyewe, kwa kuchanga na kwa kubeba miti mabegani. Aliyezitazama shule hizo na kuwaita watu hao wapinzani wa kazi ya mikono hakuona ni mikono ya nani iliyozijenga.

Katika mwaka 1925 huo huo ilifunguliwa Kabete, karibu na Nairobi, shule iliyopewa jina la Bibi Jeanes, kwa msaada wa mfuko wa Carnegie. Mkuu wake wa kwanza alikuwa James Dougall, aliyekuwa katibu wa ile tume. Waalimu walikuja na wake zao na watoto, wakakaa katika nyumba za mfano. Mume alijifunza kusimamia shule za vijijini, ufundi na kilimo, na mke alijifunza kulea watoto, kushona na usafi wa nyumba. Kisha walirudishwa kwao kuzungukia shule ndogo, kama alivyofanya Virginia Randolph. Waalimu wengi wa misheni walipita hapo, na wako wazee waliozisimulia nyumba zile kwa mapenzi. Katika mwaka 1961, uhuru wa Kenya ulipokaribia, majengo hayo ya Kabete yakageuzwa kuwa chuo cha utawala, na katika madarasa yale wakafundishwa Waafrika watakaoshika kazi ya mabwana shauri.